Mtu wa Shoka

...bado, nimesema bado, kwa sauti ileile ya mara zote, na Baba ameridhika au amejifanya kuridhika, maana kichwa kimerudi ndani ya dirisha la chumba cha usukani na sioni tena kitu chake ila kiwiko, na mimi nimechuchumaa hapa sehemu ya nyuma ya tagi, hii meli ndogo ya kuvuta vyombo, mgongo kwenye ukuta wa chuma, nyayo kwenye nguzo fupi iliyofungiwa kamba, shoka mapajani, na maji yananipiga usoni kama mtu mwenye kisasi, hayanimwagikii, yananipiga, kofi la kushoto, kofi la kulia, natema, nafumbua macho, natazama nyuma, hiyo ndiyo kazi yangu, Baba anatazama mbele anakoelekea na mimi natazama nyuma tunachokivuta, na tunachokivuta ni tishari, lile sanduku kubwa la chuma lisilo na injini wala usukani, limejaa kokoto, hatua mia moja hamsini nyuma yetu mwisho wa kamba nene kama mkono wa mwanamume, na juu ya kokoto yupo kaka yangu na jaketi lake la kuokolea la rangi ya chungwa, anapiga pampu, anainama anainuka, anainama anainuka, na mstari mwekundu uliochorwa kwenye pua ya tishari siuoni, sijauona tangu Baba alipouliza "vipi huko" mara ya nne, na sasa ameuliza mara ya saba, na sheria ya kazi hii ni fupi, maji yakifunika mstari yasishuke tena, mtu wa shoka anasema, na nahodha, yaani Baba, akisema kata, anakata kamba. Mimi ndiye mtu wa shoka. Nimesema bado mara tatu za uongo. Wimbi lingine hilo, linakuja limeinamisha kichwa kama fahali, tagi inapanda, inapanda, halafu inaachwa hewani, na tunapodondoka meno yangu yanagongana na chuma chote cha chini kinapiga kelele, na kamba inatoka majini imenyooka kama fimbo, inalia, kamba ikivutwa hivi inalia kabisa kama mtu anayeng'olewa kitu, na huko mwisho wake pua ya tishari inaingia chini ya maji, yote, jaketi la chungwa linapotea katika povu, moja, mbili, tatu, nne, lipo, lipo, anainama anainuka, Mungu wangu anainama anainuka.

"Binti! Huko nyuma kwema?" huyo ni fundi wa injini, tunamwita Grisi kwa sababu hata akioga siku nzima anatoka vilevile, kichwa chake kimechomoza kwenye tundu la chini kama cha panya wa mfereji, macho mekundu kwa moshi, "maana hapa chini injini inavuta maiti, siielewi, jana ilikuwa inaimba leo inakoroma," na mimi, mimi niliyefundishwa na mama yangu kwamba mdomo si mfuko wa takataka, nimemjibu, "Kwema, fundi," naye amecheka, amesema, "Haya, ukisema kwema mimi naamini, wewe ndiye macho yangu mimi kipofu wa humu," akazama tena, na ngazi ya huko chini ni moja, na tundu ni moja, upana wa mabega yake tu, huwa anatoka kwa kupinda bega moja kwanza kama mtu anayevaa shati la mtoto, na ana watoto watano, wa mwisho bado anatambaa. Yeye mwenyewe ndiye aliyenieleza siku ya kwanza, akicheka, kila kitu kwake ni cha kucheka, "Tagi haizami, binti, usidanganyike, tagi inang'olewa kama jino, tishari likienda chini linashuka na kamba na kamba inatushusha kwa matako, pwaa! Unahesabu mpaka kumi unajikuta unawaamkia samaki shikamoo." Mpaka kumi. Yeye kwenye ile ngazi hata bega la kwanza hatakuwa amelipinda. Na mimi nimemwambia kwema. Lakini yule pale ni kaka yangu, nifanyeje, yule pale ndiye aliyenibeba mgongoni kwenda shule mvua ikinyesha, akinitania njia nzima kwamba nina uzito wa gunia la simenti lililolowa, na nikisema neno moja tu hapa, mstari umefunikwa, Baba atasema kata, naye atabaki juu ya lile sanduku, na bahari itamla mbele ya macho yangu kwa mkono wangu, kwa shoka langu nililolinoa mwenyewe jana mpaka likanyoa vinyweleo vya mkononi... Nimemnolea kaka yangu shoka. Nilikuwa naimba nikilinoa.

Na kisa chote ni pua. Asubuhi gatini kaka alisema mbele ya wapakizi wote, "Nahodha, pua imelala, kokoto zote ziko mbele," na ilikuwa kweli, mkono wa kreni ni mfupi, haufiki nyuma ya tishari, kwa hiyo wanamimina mbele halafu watu wanapaswa kusukuma kwa makoleo mpaka mzigo ukae sawa, kazi ya nusu siku, na Baba hakutaka kupoteza nusu siku na upepo unageuka, akasema, "Zitajisawazisha njiani," na kaka akacheka, si kicheko kibaya, kicheko tu, akasema, "Kumbe kokoto zina miguu?" na wapakizi wakaangua kicheko, na Baba alikuwa ameshika funguo za tagi mkononi, shada zima la funguo, hakuziweka chini, alimpiga nazo mdomoni. Nilisikia sauti ya jino. Hakuna aliyecheka tena. Kaka alitema damu juu ya sakafu ya chuma, akaitazama, akaisugua kwa kiatu kama mtu anayefuta makosa ubaoni, akasema, "Basi nitapanda mimi. Usimpandishe mtoto wa watu. Kama ni wa kufa, afe wa kwako," na akaruka, akapanda, akashika pampu kabla hata kamba haijafungwa, na Baba akamtazama, shingo imemvimba, akanigeukia mimi, "Unatazama nini? Shika shoka." Na sasa nimelishika. Nalishika, Baba, unaniona? Huoni, unatazama mbele, una kiwiko tu dirishani, na nilikuwa nakitazama hicho kiwiko muda si mrefu uliopita nikawaza, nisamehewe, niliwaza hili shoka lingeingia pale vizuri, pale penye kifundo, chaa, kama tawi, halafu ningeuliza mimi, vipi huko, Nahodha, vipi huko... Wimbi. Shika. Limetupiga ubavuni hili, ndoo imeng'oka kwenye ndoano imepita kichwani kwangu imekwenda, kama ingenipata, haikunipata, bega limegonga chuma linawaka moto, damu, ya nani, yangu, ni kidole tu, shoka limenikata kidole, kumbe kweli linanyoa. Tazama nyuma. Yupo. Anainama anainuka. Pua haijatoka. Pua haitoki tena kabisa sasa, wimbi linapita na pua inabaki huko chini kama mnyama anayekunywa.

Na ule mstari wenyewe si wa kweli. Hilo tunalijua wawili tu, mimi na Baba, na tumelinyamazia. Jana jioni aliniambia nipake rangi mstari uonekane, ule wa zamani umefifia, na nilikuta tishari limeshapakiwa na mstari wa zamani uko kwenye maji, ukilambwa lambwa, huwezi kupaka rangi juu ya maji, ningepaka vipi, nikanyoosha brashi juu yake kidogo, kiganja kimoja juu, hapo palipo pakavu, nikavuta mstari mzuri, umenyooka, nikajisifu hata, na Baba alipita akautazama na akapatazama mahali unapopaswa kuwa, akasema, "Unaonekana. Inatosha." Inatosha! Kwa hiyo mstari wangu ulipofunikwa, ule wa kweli ulikuwa umeshafunikwa kitambo, tulitoka gatini umeshafunikwa, tumevuta tangu saa moja asubuhi kitu kilichokwisha kuvuka mpaka wake, na mimi nakaa hapa nahesabu uongo wa mara tatu, kumbe wa kwanza niliupaka kwa brashi.

"Nahodha!" ni Grisi tena, hatoki, anapiga kelele kutoka shimoni, "Nahodha, nini kiko nyuma? Tunavuta nini, mlima?" na Baba anamjibu bila kugeuza shingo, "Vuta tu!" na Grisi, "Navuta, lakini mlima gani huo uniambie jina lake!" na Baba, "Nimesema vuta, mzee, funga domo lako uvute!" na hapo sauti yake imepanda mwishoni, imepasuka kidogo kama sauti ya mvulana, na Baba sauti yake haipasuki, nimekaa naye miaka kumi na saba, ilipasuka mara moja tu, ile jioni ya Mjomba. Mjomba, ndugu yake Mama wa mwisho, kitinda mimba wao, alikuwa juu ya tishari lingine, siku nyingine ya mawimbi kama haya, na mtu wa shoka alikuwa yule tuliyemwita Kobe, naye alisema ukweli, mstari umefunikwa, Nahodha, na Baba akasema kata, na Kobe akakata, na waligeuka wakazunguka mpaka mafuta yakakaribia kwisha na hawakupata hata kiatu. Baba aliingia nyumbani, akasimama mlangoni, akasema, "Nilisema kata," hivyo tu, na sauti ikapasuka. Na Mama hakulia, Mama alimwambia, "Una maneno yote ya dunia hii na ukachagua hilo," na tangu siku ile anamwandalia chakula, anamfulia, na hamtazami, akizungumza naye anazungumza na ukuta ulio nyuma yake. Kobe aliacha kazi, ikawa hawezi hata kufunga vifungo vya shati. Ndipo Baba akaja shuleni. Alisimama kwenye mlango wa darasa la kidato cha pili ameshika kofia kwa mikono miwili, mimi nikaona aibu kwa viatu vyake, akasema, "Nimemfuata binti yangu," na mwalimu wa sayansi akamuuliza, "Atarudi lini?" na Baba, "Kazi ikiisha." Haijaisha. Mwaka na miezi miwili haijaisha, na siku zote nilijiambia alinichagua mimi kwa sababu mimi ndiye mtiifu, kaka ana mdomo, mimi nikiambiwa kata nitakata, nilijivunia hata, nilikuwa nasimama hapa nyuma nimebana midomo kama askari... lakini Baba anajua. Sasa hivi anajua. Kuna siku bahari imelala kama shuka alinishikisha usukani akaweka mikono yake juu ya yangu, "Sikia," akasema, "tishari linaongea na gurudumu, likinywa maji hata ndoo kumi mikono inajua, macho yanafuata baadaye," na leo limekunywa ndoo elfu, na mikono yake iko pale pale kwenye gurudumu, na injini inavuta mlima, na nyuma yetu hapa maji yanapanda juu ya sakafu kwa sababu tezi, nyuma ya tagi yetu, imeshaanza kuvutwa chini, yananifika kiunoni nikiwa nimechuchumaa, asubuhi yalikuwa yananifika visiginoni, yeye hayaoni haya? Anayasikia kwenye nyayo. Alikuwa anajua kabla yangu. Alikuwa anajua mara ya tano na mara ya sita na mara ya saba. Haulizi apate kujua. Anauliza nimwambie bado. Hakutafuta mtu wa kukata, angepata wanaume ishirini wa kukata, alitafuta mtu mmoja ambaye siku yoyote kaka akiwa kule mwisho wa kamba hataweza kamwe kusema mstari umefunikwa, ili yeye asilazimike tena kusema lile neno, na akampata, akamtoa darasani na kitabu kikiwa wazi mezani.

Na kitabu kilikuwa wazi penye picha ya sanduku majini, si tishari, sanduku tu, na mishale miwili, mmoja unapanda mmoja unashuka, na mwalimu alikuwa ameshika chaki akisema, sasa tukilifunga kamba sanduku hili, mshale wa tatu utaelekea wapi, na kabla hajauchora mlango ukafunguliwa. Utaelekea kamba inakoelekea. Utaelekea wapi kwingine? Natazama kamba, nimeitazama asubuhi yote na sijaitazama hata mara moja, inatoka hapa kwenye nguzo, inaingia majini kwa uzito wake, inalala huko chini kama tumbo, halafu inapanda mpaka kwenye pua ya tishari, na pale kwenye pua haielekei kwetu, inaelekea chini, inashuka, kamba inashuka kutoka kwenye pua, kwa hiyo mshale unashuka, kwa hiyo kila Grisi akivuta, kila Baba akisema vuta tu, tunaikamata ile pua tunaitia majini, ndivyo mtu anavyomzamisha paka kwenye pipa. Si mawimbi. Nilikuwa nasema mawimbi, nilikuwa nayatukana mawimbi matusi ambayo Mama akisikia atanipaka pilipili mdomoni, na mawimbi yanampandisha, nimeona kwa macho yangu, wimbi linampandisha na sisi tunamshusha. Nilidhani nimeishika hii kamba isimwachie. Nilidhani kamba ndiyo mkono wangu. Kumbe ni mkono ndiyo, lakini uko shingoni mwake. Na hatuwezi kupunguza mwendo, miamba iko kushoto, inaonekana ikionyesha meno kila wimbi linapojikunja, tukilegeza tu tunatupwa pale wote, na kugeuka tukiwa na kamba hatuwezi, tutalala ubavu, lakini tagi tupu, tagi isiyovuta kitu, hiyo inageuka kama mbwa anayefukuza mkia wake, Baba anaigeuza bandarini watu wakipiga makofi, na mtu mwenye jaketi anaelea akingoja kuokotwa, na bila kamba pua inaweza hata kuinuka, kidogo, dakika tatu, dakika mbili... au isiinuke. Au tuzunguke mpaka mafuta yakaribie kwisha. Sijui. Mwalimu hakufika huko na mimi sitaki kujidanganya zaidi, leo nimejidanganya vya kutosha.

"Vipi huko?"

Mara ya nane. Ulimi umeshaanza kusema ba, umezoea, umejikunja wenyewe, naumeza pamoja na chumvi, nasema, napiga kelele mpaka koo linachanika, "Mstari umefunikwa! Umefunikwa tangu mara ya nne, Baba, pua haitoki tena!" na nimemwita Baba kazini, amenikataza, kazini yeye ni Nahodha, na kiwiko kimeganda pale dirishani, na injini inakoroma, na nangoja lile neno, nimelingoja mwaka na miezi miwili nikiliogopa na sasa nalingoja kama mgonjwa anavyongoja maji, liseme, ni fupi, ulilisema kwa Mjomba liseme basi na kwa mwanao, na halitoki, wimbi linatupiga, linapita, halijatoka, halafu sauti yake, ya chini, sikujua ana sauti ya chini hivyo, "Vipi huko?" kama hakunisikia, amenisikia, Baba anaomba, huyu mtu aliyempiga mwanawe kwa funguo asubuhi ananiomba mimi, na chuki yote niliyokuwa nimeikusanya kwa ajili ya kile kiwiko naitafuta siioni, nakuta mtu tu, amechoka, anaogopa kwenda nyumbani. Sitakupa, Baba. Ningekuwa na bado nyingine ningekupa, zimeisha. "Fundi! Fundi Grisi, toka, panda juu, iache injini ivute yenyewe!" na kutoka shimoni, "Kuna nini tena? Si umeniambia kwema?" na mimi, "Si kwema! Nilikudanganya, toka!" na tusi refu la mtu mzima, halafu, asante Mungu, viatu kwenye ngazi, bega moja, anapinda bega moja. Nasimama. Maji yananivuta magoti, nafungua miguu kama nilivyofundishwa, mmoja mbele mmoja nyuma, upande wa juu wa kamba na si wa chini maana ikikatika inarudi kama nyoka na inaweza kumkata mtu vipande viwili, mapigo matatu mahali pamoja, karibu na nguzo, ikiwa imekaza, sasa imekaza, inalia, kidole kinatoa damu kwenye mpini, mpini unateleza, naukaza, nainua shoka juu ya bega linaloniuma, na simsikilizi tena aliye mbele, namtazama aliye nyuma, kamba ikikatika tishari litageuka ghafla kama mlango uliopigwa teke na litamrusha kila asiyeshika kitu, lazima anione kwanza, lazima aone shoka liko juu ajue maana yake, aache ile pampu, ajiandae kuruka, na yeye ameinama, anapiga pampu, anatuamini, mkaidi wewe, mdomo wote ule na leo ndiyo umeamua kutii, kaka, kaka, anainama, hainuki, ameinama, inua uso, inua uso unione, inua uso